Mtamba Niliyempeleka kwa Masera

Siku ya Mungu, misa ikiisha, sisi wanaume wa Murara, mtaa wetu mjini Goma, hatukukimbilia nyumbani. Tulisimama nje kwenye mawe meusi, kofia mkononi, na kabla ya kuulizana habari za ng'ombe au za vita, mtu aliuliza: "Wako anasoma wapi?" Jibu lako ndilo lililoonyesha utasimama wapi. Ukisema "koleji, kwa Mapadiri," watu waliitika kwa kichwa. Ukisema "lise, kwa Masera," ile sekondari ya wasichana ya masista, mtu alisogea kidogo upate nafasi kati yao. Ukitaja shule ya Leta, ya serikali, walikuuliza kama mvua imenyesha upande wenu.

Mimi nilisema, tena kwa sauti: "Wangu anasoma mlimani."

Shule ya mlimani nayo ilikuwa ya Mapadiri, huko Masisi, na wanafunzi walilala hukohuko, wavulana upande wao na wasichana upande wao. Watu wa mjini waliitafutia kasoro. Baridi. Matope. Watoto wanarudi likizo wananuka moshi. Lakini sikumsikia mtu hata mmoja akisema haifundishi. Alikuwepo jirani yangu mmoja, muuza vipuri vya moto, hizi pikipiki, aliyesomesha mabinti zake wote lise, na kila Jumapili alinichokoza.

"Muzee, lise inatoa bibi ya bakubwa. Yenu ya mulimani inatoa nini?"

"Inatoa daktere ule bibi ya bakubwa banamuita wakati banazaa."

Watu wakacheka, naye akacheka, tukaenda kunywa.

Mimi mwenyewe nilisoma mpaka darasa la pili. Mwalimu aliondoka, nami nikaondoka. Kusoma kwenyewe nilimalizia kwenye katekisimu. Kila nilicho nacho, parseli yangu, yaani kiwanja, nyumba ya mbao yenye mabati mazima, ng'ombe wangu waliokuwa kwa shemeji yangu huko Kibati, nilikibeba kichwani. Nilikuwa nashuka na fromaji kutoka mashamba ya Masisi, zile jibini za duara zilizofungwa kwenye majani makavu ya migomba, naingia Goma kwa miguu. Wateja wangu wakubwa walikuwa majiko ya shule za Mapadiri na Masera. Kwa hiyo nisikilizeni mimi kuhusu sifa za shule. Wengine walizijua kwa mlango wa mbele, ambako kuna maua na sanamu. Mimi nilipitia nyuma, kwenye majivu.

Koleji ya mjini, fromaji iliingia jikoni ikaenda moja kwa moja kwenye meza ya Mapadiri. Wavulana walipata harufu. Sisemi ni vibaya. Wavulana wale walikuwa wengi na walikula kama nzige. Lise, masera wa jikoni aliichukua fromaji yangu akaigonga kwa kidole kama anayebisha mlango, akainusa, akairudisha mara mbili kabla ya kukubali moja. Kisha aliikata vipande vyembamba hata mwanga ulipita, na Jumapili kila msichana alipata chake. Sikuona mahali pengine mtu anagawa kitu kidogo vile bila ugomvi. Pale ndipo nilipoelewa kwa nini watu wanaiheshimu lise. Si Kifaransa cha wasichana wale, wala soksi zao nyeupe. Ni ule mkono.

Na mlimani? Mlimani hawakununua kwangu kitu. Nani anunue fromaji pale inapotengenezwa? Lakini nilipita pale mara nyingi nikiwa na mzigo, nikamwona prefe, yule padiri mkubwa wa shule, amekaa kwenye benchi moja na wanafunzi, anakula viazi na maharage kutoka sufuria ileile. Nikasema moyoni, mtoto wangu akipata bahati atakula hapa. Akaja kuipata, yule kitinda mimba wangu, msichana. Kaka zake walikataa shule wakapenda biashara kama mimi. Yeye alipenda hesabu. Alipokuja likizo alikaa karibu na moto akifanya hesabu zenye herufi ndani yake, mama yake akimwambia atapofuka.

Alikuwa amebakiza mwaka mmoja, ule wa sita, wenye egzame ya Leta, ule mtihani wa taifa, mwishoni. Vita ikarudi Masisi.

Sisi wa hapa tulishaona mambo. Tuliwahi kuona barabara ya Kibati imejaa wakimbizi wa nchi jirani, watu mpaka macho yanachoka. Lakini safari hii walioshuka walikuwa wetu. Walishuka kupitia Sake, na magodoro, na mbuzi, na bibi vizee mgongoni. Nilikaa barabarani nikitazama kila uso. Shule ya mlimani ilishuka yote pamoja. Walitembea wawili wawili kama wanaoenda misa, wasichana katikati, wavulana kando, na prefe nyuma kabisa, kanzu imekunjwa mpaka magotini, muhuri wa shule ndani ya soksi. Binti yangu alikuwa na sweta yake nyekundu ya shule na kiatu kimoja. Kiatu kingine alikuwa amempa mwenzake. Walikuwa wanabadilishana mguu.

Mama yake alilia. Mimi nilimuuliza binti kama amekula.

Baada ya hapo shule ya mlimani ilifunguliwa Ndosho, ukingoni mwa mji. Parokia ya pale iliwapa madarasa ya shule ya msingi, wakae ndani baada ya saa sita, watoto wadogo wakishatoka. Vijana wakubwa walikaa kwenye mabenchi ya watoto, magoti kwenye masikio. Waliokosa ndugu mjini walilala humo humo kwenye sakafu ya saruji. Walimu walikuwa walewale, waliobaki. Na mjini wakaanza kuwaita "bale badeplase ya Ndosho," wale waliofukuzwa na vita. Jumapili ile niliposema wangu anasoma mlimani, mtu mmoja aliuliza, "Mulima gani sasa?" Hakuuliza kwa ubaya. Lakini nilivaa kofia nikaenda nyumbani kabla wengine hawajaenda kunywa.

Hapo nikaamua: mtoto huyu atamalizia lise.

Yeye alisema hapana. "Papa, niko na masomo yangu. Iko Ndosho."

"Ile si masomo, ni kambi."

"Prefe iko. Benzangu biko. Hesabu iko."

"Na egzame je? Utafanya egzame ukitoka kwenye benchi ya batoto ya primer? Ukianguka mwaka huu, nani atakurudisha mulimani mwaka kesho? Mulima iko na bunduki."

Mama yake alikuwa upande wangu, na tukiwa wawili hakuna mtoto aliyetushinda katika nyumba ile. Nikaenda lise, safari hii kwa mlango wa mbele, nimevaa koti.

Masera mkubwa wa lise alizaliwa mbali, upande wa magharibi kabisa wa Kongo, huko wanakofuga mbuzi na bata. Alikuwa mtu wa haki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Papa, kwa kawaida sipokee mutoto wa mwaka ya sita. Hata mutoto wa mukubwa gani, sipokee. Lakini hii ni vita. Alete kichwa yake, tuipime."

Binti yangu alipeleka kichwa chake, wakakipima, hesabu wakaona hawana la kusahihisha. Masera akasema ataanza Jumatatu. Hakuomba kitu. Hakusema hata neno la "tutaona." Nilitoka pale nikitembea katikati ya barabara kama gari.

Sasa, mnaotoka kwetu mnajua. Mtu akimpokea mtoto wako, akamweka ndani ya nyumba yake wakati dunia inawaka, humwambii asante halafu ukaenda zako. Unampa ng'ombe. Si malipo, kwa sababu kitu kile hakilipiki. Ni kumwambia kwamba kuanzia leo nyumba yako na yangu zinajuana. Nikaenda Kibati kwa shemeji yangu, nikachagua mtamba, ng'ombe jike kijana ambaye hajazaa, mwenye rangi ya kahawa na paji jeupe. Nilimwosha mwenyewe. Nikampaka siagi kwenye pembe zake ndogo. Nikafunga kamba mpya. Jumatatu asubuhi, binti yangu alipokuwa ametangulia na sketi ya bluu iliyopigwa pasi, mimi nilikuwa nyuma na fimbo yangu na kofia, namwongoza mtamba kupita katikati ya Goma. Watu wa moto walinipigia honi. Niliona ni za heshima.

Nilifika wakati wa kupandisha bendera. Wasichana wote walikuwa mistarini, kimya, wimbo wa taifa umeisha. Mlinzi aliona ng'ombe akadhani ni wa jikoni, akafungua. Nikaingia mpaka katikati ya uwanja uliofagiliwa ukabaki na alama za ufagio. Mtamba alisimama vizuri, sina la kumlaumu, mpaka alipoona maua yaliyopandwa chini ya sanamu ya Bikira Maria. Alivuta kamba mara moja. Nilipomrudisha, ua moja lilikuwa linaning'inia mdomoni mwake, na mengine hayakuonekana tena.

Wasichana waliangua kicheko ambacho nadhani kilisikika Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Nilimtafuta binti yangu kwa macho. Alikuwa mstari wa mwisho. Hakucheka wala hakuinamisha kichwa. Alinitazama tu.

Masera mkubwa alituma wote madarasani, akaja kusimama mbele yangu.

"Papa, hii ng'ombe inakuya kufanya nini hapa?"

"Ni yako, Masera."

"Yangu? Nilikuomba?"

"Ungeniomba singeleta. Umenipokelea mutoto. Kwetu, mutu akipokea mutoto wako unamupa ng'ombe. Ni ya urafiki."

Alimtazama mtamba, akanitazama mimi. Hakukasirika kwa sauti. Ingekuwa afadhali.

"Papa, wiki hii nimekatalia bazazi wengi. Bengine bamelia mu biro yangu, mbele ya meza. Kesho bataona ng'ombe yako inakula majani hapa ndani. Niwaambie nini?"

"Uwaambie ni asante."

"Batasema nafasi ya lise inauzwa kwa ng'ombe. Na utakuwa umesema ukweli weye, na bao batakuwa na haki ya kufikiri vile. Rudisha hii ng'ombe leo. Mutoto anabaki, hana kosa. Lakini ng'ombe inatoka."

"Masera, ukikataa ng'ombe, umekataa urafiki."

"Urafiki nimepokea. Miguu ine na mukia njo nakataa."

Alikuwa na haki. Najua leo na nilijua hata siku ile. Kama angepokea, ule mkono niliousifu, wa kukata vipande sawa, ungekuwa umekwisha. Lakini na mimi nilikuwa na haki, kwa sababu ng'ombe niliyemtoa kwa mtu harudi zizini kwangu. Kumrudisha ni kutangaza barabara nzima kwamba nimebisha hodi kwenye nyumba na nyumba imenikataa. Na mtoto wangu nitamwacha ndani ya nyumba hiyo? Ataitwa nani humo? Nilitoka na mtamba wangu bila kuaga, na hilo si adabu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilimfunga nyumbani kwenye parseli, akala majani ya viazi vya mke wangu. Mchana binti alirudi. Mke wangu alikuwa amekwisha kusikia, Murara nzima ilikuwa imesikia.

"Muzee," aliniambia, "unapima nguvu na Masera juu ya ng'ombe. Na mutoto je? Rudisha hiyo nyama Kibati, mutoto alale na amani."

"Si nyama. Ni mtamba."

"Ni mtamba, ni tembo, irudishe."

Binti aliweka mfuko chini. "Papa, twende wote. Nitakusindikiza."

Tukatoka, yeye bado ana sketi ya lise, mimi na kamba. Tulitembea mpaka karibu na pale barabara inapogawanyika, moja inaenda Kibati, nyingine Ndosho na Sake. Pale kulikuwa na watu waliolala chini ya maturubai, na mama mmoja anakaanga mandazi kati yao kana kwamba ni soko la kila siku.

"Nilikutia haya leo," nikasema. Haikuwa rahisi kulisema.

"Hapana. Bale basichana banacheka, lakini hata moja hajapewa ng'ombe na papa yake."

"Si weye nilikuwa napatia ng'ombe. Ni Masera."

"Najua. Lakini ni juu yangu." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Papa, lise ni nzuri. Sitasema uongo. Benchi yangu iko na pahali pa kuweka miguu. Masera anafundisha vizuri. Lakini tulifanya hesabu, nikamaliza, nikageuka kumuonyesha ule mwenzangu wa kiatu, na hayuko. Iko Ndosho, analala chini. Niko nafanya nini mule ndani?"

"Unafanya egzame. Unapata diplome. Iko na jina ya lise juu yake. Hiyo njo unafanya."

"Na benzangu batafanya na jina gani?"

"Na jina ya shule ya mulimani. Ile watu banauliza iko mulima gani."

"Sasa kama sisi wote tunatoka, prefe atabaki na muhuri peke yake."

Nilisimama. Mtamba naye akasimama. Nilimuuliza wazi, kama ninavyouliza mtu sokoni anayezungukazunguka: "Unataka nini?"

"Kumaliza na benzangu."

"Na ukianguka?"

"Nitaanguka. Lakini si benchi itaniangusha."

Mimi baba yake nilikuwa na ruhusa ya kusema hapana. Nilikuwa na mke nyumbani aliyesema hapana, na Masera aliyefungua mlango ambao hakuna mwingine aliyefunguliwa mwaka ule. Niliutazama uso wa mtoto wangu nikamwona ni mkaidi, na nikaujua ule ukaidi unakotoka, kwa sababu haukutoka kwa mama yake. Mtu anayeshuka na mzigo kichwani haweki mzigo chini kila anapokutana na mwenye gari. Nikavuta kamba upande wa Ndosho.

Lakini kabla ya Ndosho nilimrudisha lise, akamuage Masera mwenyewe. Hilo nililisimamia. Nilibaki nje ya ukuta na mtamba. Alipotoka, Masera alitoka naye mpaka kwenye geti.

"Papa, unamutosha mu lise juu ya ng'ombe?"

"Hapana, Masera. Anajitoa mwenyewe. Mimi niko nyuma yake tu."

Alimtazama binti. "Utanihuzunisha kama hufaulu." Akampa mkono. Kisha akanipa mkono mimi pia, wa kuagana vizuri, na mimi nikatoa kofia. Nafasi ile aliipata mtoto mwingine kesho yake. Sikuuliza wa nani.

Ndosho tulifika wakati wa darasa. Prefe alikuwa nje, anakata kuni. Alizaliwa vilima vilevile nilikozaliwa. Nilipotoa ng'ombe, alijua la kufanya. Aliacha shoka, akanawa mikono, akaishika kamba kwa mikono miwili, akamsifu mtamba kwa paji lake na mgongo wake, akanitakia ng'ombe wengi wa kukamua. Maneno yote, hakuna lililopungua. Masikio yangu, yaliyokuwa yanawaka tangu lise, yalipoa. Kisha akanivuta kando.

"Muzee, nimepokea. Sasa ninakuomba ruhusa ya kitu kibaya."

"Kitu gani?"

"Sina majani. Sina mahali pa kumuweka, askari batamuchukua wiki hii hii. Na bale batoto banalala hapa, tangu tumeshuka hawajaona nyama."

Nilielewa kabla hajamaliza. Mtamba hachinjwi. Mtamba anangojwa azae, na ndama wake wa kwanza anarudi kwa aliyempa, na hivyo urafiki unatembea miaka na miaka kati ya nyumba mbili. Kumchinja ni kukata yote hayo kwa kisu kimoja. Ndani ya darasa nilisikia mwalimu anaandika ubaoni na chaki inalia. Nilichungulia. Vijana wale shingo zao zilikuwa nyembamba kama za kuku. Binti yangu alikuwa amekwisha kuingia, ameketi chini kwenye saruji karibu na mwenzake wa kiatu, kwa sababu mabenchi yamejaa, na tayari alikuwa anamwonyesha kitu kwa kidole.

"Padiri," nikasema, "unaniomba ruhusa ya ng'ombe yako?"

Nikaondoka haraka, nisimsikie mtamba akiniita.

Mke wangu alinigombeza wiki nzima. Halafu akaanza kupeleka sufuria ya maharage Ndosho, bila kuniambia. Nilijua kwa sababu sufuria haikuwepo.

Mwaka ule ulikuwa mbaya, sitaupamba. Kuna siku hawakusoma kwa sababu ya milio ya bunduki, kuna wanafunzi walioondoka hawakurudi. Egzame ya Leta waliifanya katika ukumbi mmoja na shule nyingine za mjini, koleji na lise humo humo, kila mmoja na sweta yake. Mimi nilingoja nje pamoja na wazazi wengine. Yule jirani wa vipuri alikuwepo kwa ajili ya binti yake wa mwisho. Tuligawana ndizi, na kwa mara ya kwanza hakunichokoza.

Matokeo yalipotoka, wale wa Ndosho walioshinda walikuwa wengi kuliko tulivyoogopa, na binti yangu alikuwa kati yao. Mwenzake wa kiatu naye. Mnajua tunavyofanya hapa: mtoto akipata diplome, anamwagiwa poda nyeupe kichwani, barabarani, kila mtu aone. Nilinunua kopo langu mwenyewe. Nilimwaga kichwani, kwenye mabega, kwenye ile sweta nyekundu, nikaendelea mpaka kopo likaisha na nywele zake zikawa nyeupe kuliko zangu. Akakohoa, akasema, "Papa, bas!" Nikachukua kopo la mama yake.

Wakati huo wasichana wa lise walipita wamepakiwa kwenye moto, watatu watatu, weupe vilevile kama waliotoka kwenye gunia la unga, wanapiga kelele. Walimwona binti yangu. Labda walimkumbuka kwa ile siku moja, labda kwa ng'ombe. Mmoja akasimama juu ya moto mpaka dereva akapiga kelele, akamwita, "Promo! Promo!" Ndivyo wanavyoitana waliomaliza mwaka mmoja.

Binti yangu akakimbia nyuma ya ile moto akiwapungia, poda inaruka nyuma yake, na mimi nikabaki na kopo tupu, nikisema kwa kila aliyepita, awe ameniuliza au hajaniuliza, kwamba yule ni wangu.